Karatasi ya pregabalini isomwe kuanzia nyuma

Wagonjwa wa kisukari wanaoniletea cheti cha pregabalini, dawa ya maumivu ya mishipa ya fahamu, hapa kwenye duka langu la dawa Tanga huwa wameshachoka. Nyayo zinawaka moto usiku, hata shuka likigusa vidole ni shida. Wengi huniuliza, "Mwanangu, itanisaidia kweli?" Jibu lipo, na limeandikwa na watengenezaji wenyewe. Tatizo ni kwamba limefichwa mwisho wa karatasi ndefu ambayo watu wengi hawaifungui kabisa.

Kwanza hakikisha umepata karatasi yenyewe. Kile kikaratasi cha mgonjwa kilichokunjwa ndani ya boksi mara nyingi hakielezi majaribio. Unayoitaka ni ile ya wataalamu, na ya Lyrica, jina la kwanza la kibiashara la dawa hii, toleo la Marekani, inapatikana bure kwenye intaneti. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliipitisha Lyrica mwishoni mwa 2004, kwa maumivu ya mishipa ya fahamu yanayoletwa na kisukari na yale yanayobaki baada ya mkanda wa jeshi. Kama boksi lako lina jina jingine lakini dawa ndani ni pregabalini, majaribio ni hayo hayo. Kiingereza chake ni kigumu, kwa hiyo mwite kijana wa nyumbani mkae naye.

Nenda moja kwa moja sehemu ya 14. Hapo ndipo yalipo majaribio kwa binadamu. Kabla ya kuangalia matokeo, uliza walijaribiwa akina nani. Kwa kisukari, walikuwa watu wenye aina ya 1 au ya 2, waliokuwa na maumivu hayo kwa mwaka 1 hadi 5. Walipima maumivu kwa namba, 0 hadi 10, na wastani wao mwanzoni ulikuwa zaidi kidogo ya 6. Jaribio moja lilichukua wiki 5, jingine wiki 8. Waliruhusiwa kumeza parasetamoli pia. Kama maumivu yako ni ya mgongo yanayoshuka mguuni, hayo majaribio hayakuhusu. Mwaka 2017 pregabalini ilijaribiwa kwa wagonjwa wa namna hiyo na haikushinda plasebo, yaani kidonge kisicho na dawa ndani.

Na hiyo plasebo ndiyo ninayoisisitiza kuliko kitu kingine chochote. Katika jaribio la wiki 5, waliopewa miligramu 300 kwa siku, 46 katika kila 100 walipungukiwa maumivu kwa nusu au zaidi. Mtu akikuambia hiyo 46 peke yake, amekuambia nusu ya habari. Waliomeza plasebo, 18 katika 100 nao walipata nafuu hiyo hiyo. Toa 18 kwenye 46, inabaki 28. Hao ndio unaoweza kusema wamesaidiwa na dawa yenyewe. Halafu jaribio moja halitoshi. Wachambuzi wa Cochrane, mtandao wa wataalamu wanaopitia majaribio ya tiba, walipokusanya majaribio ya kisukari pamoja, mwaka 2019, kwa dozi hiyo hiyo walipata 31 dhidi ya 24. Tofauti ni watu 7 tu katika 100. Kwa hiyo wapo wanaorudishiwa usingizi wao na dawa hii, nimewaona na nimefurahi nao, lakini ikikukataa usidhani una ugonjwa wa ajabu. Uko na wengi.

Sasa dozi. Mama mmoja aliambiwa na jirani aongeze mpaka 600 kwa sababu 300 haikumtosha. Nilimfungulia karatasi juu ya kaunta nikamwekea kidole pale penyewe: kwa maumivu ya kisukari mwisho ni miligramu 100 mara tatu kwa siku. Ile 600 ilijaribiwa pia. Haikuonyesha faida ya ziada, ila maudhi yaliongezeka. Aliisoma mwenyewe, polepole, akarudisha vidonge vya ziada kwenye mfuko na kesho yake akaenda kwa daktari.

Sehemu ya 5 na ya 6, za tahadhari na maudhi, zisome kwa mtindo ule ule wa kutoa plasebo. Kizunguzungu: 30 katika 100 dhidi ya 8. Usingizi wa mchana: 23 dhidi ya 8. Dereva wa bodaboda asiichukulie hii kama maudhi madogo madogo. Kuna pia kuvimba miguu na kuongezeka uzito, jambo ambalo mgonjwa wa kisukari hapaswi kulipuuza. Ukitumia tramadoli, dawa ya maumivu ya jamii ya afyuni, pamoja nayo, mwambie daktari leo, siyo kliniki ijayo: Desemba 2019 FDA ilionya kwamba mchanganyiko wa namna hiyo unaweza kupunguza upumuaji, hasa kwa wazee na wenye ugonjwa wa mapafu.

Usiache jedwali la figo, sehemu ya 2. Pregabalini karibu yote hutoka kwa mkojo ikiwa vile vile ilivyoingia, na kisukari hula figo kimya kimya. Figo zikichuja kati ya mililita 30 na 60 kwa dakika, dozi ya siku hukatwa nusu. Zikishuka chini ya hapo, inapungua zaidi. Omba kipimo cha kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha kazi ya figo, kabla ya kuanza. Ninaumia kila nikiona mzee wa miaka sabini amepewa dozi kamili na hajawahi kupimwa figo.

Ukishaanza, chukua daftari. Kila jioni andika namba yako, 0 hadi 10, ukianzia siku chache kabla ya kidonge cha kwanza. Katika majaribio, baadhi walianza kuona nafuu wiki ya kwanza. Zikipita wiki kadhaa kwenye dozi uliyopangiwa na namba haijashuka, peleka daftari kwa daktari mjadili kuiacha. Usiikate ghafla: karatasi inataka ipunguzwe taratibu, kwa wiki moja au zaidi.