Mbolea ya serikali ya 2,500: jipange kabla mvua ianze

Watu wengi hapa Trans Nzoia hulalamika juu ya foleni ya mbolea kwa stoo za NCPB, ile bodi ya serikali ya nafaka, lakini ukiangalia vizuri shida huanzia mbali, huanzia kwa usajili. Gunia la kilo 50 limekuwa likiuzwa shilingi 2,500 tangu Agosti 2023, kabla ya hapo lilikuwa 3,500, na dukani 2022 DAP, mbolea ya kupandia, ilikuwa imepita 6,000, sasa kwa mtu wa eka tano hiyo tofauti ni pesa ya mbegu na ya trekta kabisa. Usiiache ikupite.

Enda kwa naibu wa chifu mapema, Januari ama Februari, si Machi watu wakiwa washaanza kupanda. Beba kitambulisho na simu. Wanaandika namba ya kitambulisho, namba ya simu, eka unazolima na mimea unayopanda, inaingia kwa KIAMIS, mfumo wa serikali wa kompyuta wa kuandika wakulima. Kama ulishaandikwa usiandikwe tena mara ya pili, uliza tu vile uko kwa rekodi.

Na hapo kwa namba ya simu tafadhali simameni kidogo. Meseji ya vocha, ile ya kukuruhusu kuchukua mbolea, inaenda kwa ile namba iliyo kwa mfumo, haijui kwamba ulitupa laini ama kwamba uliandikisha ya kijana wako aliye Nairobi. Mama mzee asiye na simu anaandikiwa ya jirani, jirani anahama, mbolea ndio hiyo imepotea. Mnunulieni simu na laini yake, hata kabambe, simu ndogo ya vitufe, inatosha kabisa.

Eka nazo sema ukweli, magunia unayopewa yanafuata hizo eka. Ukiandika mbili na unalima nne utajinyima mwenyewe, na ukiandika kumi unakula ya mwenzako.

Meseji ikiingia usikae nayo. Soma aina ya mbolea na stoo uliyopangiwa, alafu piga ama uliza kama stock ipo kabla hujapanda matatu, unaenda na kitambulisho chako na simu ile ile, unalipa kwa M-Pesa, unachukua. Nauli ya kubeba ndio humaliza faida ya mtu wa gunia mbili, kwa hivyo wanakijiji watano sita wachange pickup moja. Kama kaunti imefungua stoo karibu kwa chama cha ushirika, chukua hapo.

Ya kupandia ni DAP ama NPK, ya kukuzia ni CAN ama urea, msichanganye. Na kama shamba lako limekula DAP miaka na miaka, pima udongo kwanza, huku kwetu asidi imezidi na mahindi yanakuwa ya njano hata ukiweka mbolea nzuri.

Mwisho, fungua gunia kabla hujaondoka. 2024 mbolea feki ilipatikana hadi kwa stoo za serikali na watu walikuwa washapanda nayo. Angalia mshono haujaguswa, mimina kidogo mkononi, chembe ziwe ngumu na karibu saizi moja, ukiona changarawe, mchanga ama inavunjika kuwa vumbi rudisha hapo hapo. Usifute meseji ya malipo, weka risiti, na gunia tupu usilikate kutengeneza mkeka mpaka mahindi yafike magotini, ukilalamika bila hivyo vitu hakuna mtu atakusikiza.