Kilo za gogo zijulikane kabla ya kukata

Mikaratusi mingi hapa Arusha imekua hadi juu ya mapaa ya watu, na ukiikata hakuna pa kuiangushia. Hapo ndipo tunaita kreni. Mimi napanda, nafunga mikanda, nakata. Dereva anasubiri nimtajie kilo. Namba hiyo itoke kwenye tepu, isitoke machoni, kwa sababu kipande kikishaachana na mti hakirudishiki.

Zungusha tepu pale kipande kilipo kinene zaidi. Mzingo huo kwa mita uzidishe kwa wenyewe, zidisha tena kwa urefu, kisha gawa kwa 12.5. Umepata mita za ujazo. Zidisha kwa 1,100, ndizo kilo ninazohesabu kwa mita moja ya ujazo ya mkaratusi mbichi. Aliyezoea kubeba mbao kavu ataona ni nyingi mno. Mti mbichi umejaa maji, na maji ni mzigo.

Mzingo wa mita 2, urefu mita 3: kilo 1,056. Mzingo wa mita 1, urefu uleule: kilo 264 tu. Unene ukiwa maradufu, uzito ni mara nne. Kwa hiyo naumia nikikuta watu wanabishana juu ya urefu huku unene wameukisia kutoka chini.

Penye panda, hesabu kila mkono peke yake, ujumlishe na kipande cha chini. Tawi lenye majani lihesabu kana kwamba unene wa shinani unafika hadi nchani. Ile ziada inafidia vijiti na majani.

Sasa mwulize dereva: kwa umbali huu, jedwali la kreni linaruhusu kilo ngapi? Kreni ya tani 25 hubeba tani 25 karibu na mwili wake tu. Ukiinyoosha mkono mita 20, zinabaki tani chache. Toa uzito wa ndoano, minyororo na mikanda. Kinachobaki, mimi natumia nusu yake, maana gogo likikatika hushtua mkono wa kreni.

Anza na kipande kidogo. Kikishaning'inia, dereva akusomee kipimo cha kabini. Kikizidi hesabu yako, pandisha ile 1,100 kwa uwiano uleule, na vipande vinavyofuata vikate vifupi zaidi.