SOMO: Siku tatu Berlin mwezi Januari bila kuharibiwa na baridi wala mvua

"Berlin Januari si nitaganda hotelini tu?" Swali hili nimelijibu mara nyingi mno, kwa hiyo naliweka hapa lote. Hutaganda. Hoteli ni nafuu, foleni ni fupi, na mji una mambo mengi ya ndani kuliko utakavyoweza kumaliza. Kinachowaharibia watu safari ni maandalizi mabaya.

Hatua ya 1: Viza. Ya Schengen, ile moja inayokubalika nchi nyingi za Ulaya, Ujerumani ikiwemo. Omba ndani ya miezi 6 kabla ya safari, si chini ya siku 15, ukiwa na bima ya matibabu ya kuanzia euro 30,000.

Hatua ya 2: Tarehe. Kwepa maonyesho ya kilimo ya Grüne Woche (Januari) na tamasha la filamu la Berlinale (Februari). Siku hizo bei za vyumba hupanda.

Hatua ya 3: Viatu. Hapa mimi mwenyewe niliwahi kukosea, na bado naona wengi wanakosea, kwa hiyo someni taratibu. Mvua ya huko haimwagiki kama masika. Ni manyunyu ya kutwa kwenye nyuzi 1 hadi 3, na chini kuna theluji iliyoyeyuka ikawa uji wa barafu. Koti likilowa utavumilia. Soksi zikilowa, siku imekwisha: mguu uliolowa hupoteza joto haraka, na haupati joto tena mpaka uvue.

Raba za kitambaa cha wavu ziache nyumbani. Tafuta buti linalofunika kifundo cha mguu, soli ya mpira yenye meno, na liwe kubwa kwa nusu namba. Soksi nene ya sufu ikibanwa, damu haipiti vizuri na vidole vitaganda hata kama kiatu ni kikavu.

Buti zuri la mtumba utalipata Karume au Gikomba, lakini KAGUA SOLI. Buti nyingi zina tabaka la povu kati ya ngozi na mpira wa chini, na povu hilo huoza kwa unyevu hata kiatu kikikaa tu stoo. Kwa macho utasema ni jipya. Bonyeza ubavu wa soli kwa ukucha wa dole gumba, kisha kunja kiatu mara kumi. Povu zima hurudi mahali pake. Lililooza hubaki na alama, huchanika nyufa nyembamba, au hutoa unga kama chenga za mkate mkavu. Ukiona unga, rudisha, hata muuzaji ashushe bei vipi. Fundi hawezi kuliokoa kwa gundi, maana gundi itashika povu ambalo lenyewe limekufa, na soli itabanduka nzima ukiwa barabarani. Ukishanunua, livae wiki mbili kabla ya kusafiri, na ulikanyagishe kwenye maji makusudi.

Hatua ya 4: Nguo. Fulana ya ndani isiyo ya pamba, sweta, koti la mvua lenye kofia. Ziwe za kuvulika, kwa sababu treni na makumbusho yana joto. Ukitoka jasho ndani ya koti moja zito, jasho hilo ndilo litakalokutetemesha nje. Jinzi hunyonya maji kuanzia pindo kwenda juu. Koti la mtumba lijaribu kwa kijiko cha maji: yaviringike, yasizame. Ndani, tazama utepe uliofunika mishono. Ukibanduka kama plasta ya kidonda iliyochoka, maji yatapita hapo.

Hatua ya 5: Tiketi. Treni na mabasi hulipiwa kwa kanda: ndani ya mji ni kanda A na B, yaani tiketi ya AB. Uwanja wa ndege wa BER uko kanda C, kwa hiyo siku ya kuingia na ya kutoka nunua ABC. Tiketi ya karatasi lazima uigonge muhuri kwenye kisanduku kilichopo jukwaani kabla ya kupanda treni. Hakuna geti, hivyo hakuna atakayekukumbusha, na wakaguzi wengi huvaa nguo za kiraia. Tiketi isiyogongwa ni sawa na kutokuwa na tiketi: faini euro 60.

Hatua ya 6: Fuata mwanga. Katikati ya Januari jua huchomoza kama saa 2:10 asubuhi na kuzama kama saa 10:20 jioni, kwa saa zetu za Kiswahili. Mambo ya nje yafanye saa 4 hadi saa 9, ya ndani yaache kwa giza. Makumbusho mengi hufungwa Jumatatu. Pergamon, mojawapo ya makumbusho hayo, usiipange kabisa. Ilifungwa Oktoba 2023 kwa ukarabati wa miaka. Kuba la bunge, Reichstag, ni bure, ila jiandikishe mapema mtandaoni na uende na pasipoti. Mvua ikizidi, panda basi namba 100 kutoka Zoologischer Garten hadi Alexanderplatz na ukae ghorofa ya juu.

MASWALI

Kijana wa Sinza: Mkuu, Jumatatu naweza kwenda makumbusho?
Jibu: Hatua ya 6.

Kijana wa Sinza: Nimeona imeandikwa mengi hufungwa, sio yote.
Jibu: Hapo umeuliza vizuri. Topographie des Terrors iko wazi kila siku na ni bure. Humboldt Forum yenyewe hufunga Jumanne, kwa hiyo Jumatatu inafaa.

Mzee wa Lindi: Nasikia mijusi yetu mikubwa ya kale, dinosaria wa Tendaguru kule Lindi, iko huko. Inaonekana?
Jibu: Shikamoo mzee. Inaonekana, Museum für Naturkunde, kituo cha treni ya chini ya ardhi ya U6 kiitwacho Naturkundemuseum. Kiunzi cha mifupa cha yule mkubwa kina kimo cha mita 13.27 kwenda juu. Mifupa ilichimbwa 1909 hadi 1913, na wapagazi wakaibeba kwa miguu hadi bandari ya Lindi. Simama ubavuni uone miguu ya mbele ilivyo mirefu kuliko ya nyuma. Ukitoka, panda U6 hiyo hiyo kuelekea kaskazini hadi Rehberge. Jirani hapo kuna Sansibarstraße na Tangastraße, na tangu 2024 kuna Maji-Maji-Allee, sehemu ya barabara iliyopewa jina la Petersallee mwaka 1939 kwa heshima ya Carl Peters, mkoloni wa Kijerumani. Nenda kabla ya saa 9, bado kuna mwanga wa kusoma vibao.

Binti Makorora: Kaka, viatu vikilowa hata baada ya yote hayo?
Jibu: Dada, toa soli ya ndani, jaza magazeti, badilisha magazeti baada ya saa moja, kisha acha usiku kucha. Usiviweke juu ya hita ya ukutani. Ngozi hukakamaa na gundi huachia. Na kwenye begi beba soksi kavu ndani ya mfuko wa plastiki.

Abuu wa Eastleigh: Mbona usiseme tu watu waende kiangazi?
Jibu: Somo ni la Januari.

Binti Makorora: Na chakula cha moto, cha halali?
Jibu: Kreuzberg na Neukölln, mikahawa ya Waturuki. Agiza supu ya dengu, mercimek, ukamulie limau. Maji ya bomba ni salama, jaza chupa yako. Ukinunua ya plastiki usiitupe: nyingi zina amana ya senti 25, irudishe kwenye mashine ya supamaketi. Jumapili maduka mengi hufungwa, ya stesheni kuu ya Hauptbahnhof hubaki wazi.