Jinsi ya kuomba ushauri nasaha katika hospitali ya serikali Malindi

Ukiwa Malindi mjini, Gongoni au Marafa, na usingizi hupati, chakula hakipiti na kila jambo limekuwa zito, una haki ya kuomba mtu wa kuzungumza naye, si tembe peke yake. Wengi hurudi nyumbani na dawa mkononi kwa kuwa hawakujua mazungumzo nayo ni tiba. Kama jamaa wanakupeleka kwa shehe kusomewa, endelea. Ila na hospitali nenda.

Anza na SHA, yaani Mamlaka ya Afya ya Jamii, inayosimamia bima ya afya ya serikali ya Kenya. Kama hujajisajili, piga *147# ukiwa na kitambulisho, au mwombe mhudumu wa afya ya jamii wa mtaani kwenu akusaidie. Ukishasajiliwa, zahanati na vituo vya afya vya serikali hukuhudumia bila malipo. Hospitali kubwa hutaka uwe umechangia: asilimia 2.75 ya mapato ya nyumba, si chini ya shilingi 300 kwa mwezi.

Kisha nenda zahanati iliyo karibu, asubuhi na mapema. Ukiingia kwa daktari, sema wazi: "Nataka kuonana na mshauri nasaha." Ukilalamikia kichwa tu, utatibiwa kichwa. Huenda ukaulizwa maswali tisa juu ya wiki mbili zilizopita: usingizi, uchovu, kujiona hufai. Kila jibu lina alama 0 hadi 3, jumla 27, na kuanzia 10 kwa kawaida huonekana ni hali ya kufuatiliwa. Sisi watu wa Pwani tumezoea kujibu "sijambo" hata tukiwa taabani. Mbele ya daktari huyu usijibu hivyo.

Swali la tisa huuliza kama umewaza kufa au kujidhuru. Jibu kweli. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa, na hofu ya polisi ikawafunga watu midomo. Januari 2025 Mahakama Kuu jijini Nairobi ilitamka kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Kama mawazo hayo yamekushika sasa hivi, usingoje foleni wala barua. Nenda kitengo cha dharura ukiwa na mtu wako, usiku au mchana, au piga 1199, simu ya bure ya Msalaba Mwekundu.

Zahanati ikiwa haina mshauri, omba barua ya rufaa kwenda Hospitali ya Kaunti Ndogo ya Malindi, yenye muhuri na alama zako. Ipige picha. Ukifika mapokezi, ulizia siku za kliniki ya afya ya akili, na usikubali kuondoka na "tutakupigia". Nchini Uingereza, huduma ya umma ya tiba hii imejiwekea lengo: watu 75 kati ya 100 waanze ndani ya wiki 6. Wewe lengo lako ni tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Ikipita, una cha kuonyesha.

Ukishaanza, omba maswali yale tisa yarudiwe kila baada ya vikao vichache. Alama zisiposhuka, mwambie mshauri, mbadili njia au akupeleke kwa daktari wa akili.

Malindi ni mji mdogo, na mshauri aweza kuwa jirani au shemeji yako. Una ruhusa ya kuomba mwingine. Omba kabla hujaanza kueleza ya moyoni.