Stendi ya tenki isikukunjie magoti

Lita moja ya maji ni kilo moja. Anzia hapo, kabla hujaenda kununua chuma. Tenki la lita 1,000 likijaa ni tani nzima juu ya kichwa cha anayefua pale chini. Gawa kwa miguu minne: kilo 250 kila mguu, bado hujahesabu tenki lenyewe.

Mimi nachomelea vyuma Tandika, Dar es Salaam. Stendi yangu ya kwanza ya mita 3 niliifunga Mbagala, skwea paipu (paipu ya pembe nne) ya inchi moja na nusu, nyembamba, kwa sababu mteja alikuwa anabana hela na mimi nilitaka kazi. Katikati sikuweka kitu. Maji yalitoka usiku, tenki likajaa. Alfajiri simu: "Fundi, njoo uone, stendi yako imepiga magoti." Kweli, miguu yote ilikuwa imelalia upande mmoja kama mlevi anayetafuta ukuta. Hakuna chuma kilichokatika, vyote vimepinda tu.

Chomoa chelewa moja kwenye ufagio. Isimamishe mezani, ibonyeze juu kwa kidole. Inapinda papo hapo. Ikate nusu, bonyeza tena: utasikia kidole kinaanza kuuma. Chelewa ni ileile, kilichobadilika ni urefu. Hesabu yake aliipiga Mswisi mmoja, Leonhard Euler, karne ya 18: ukipunguza urefu kwa nusu, mzigo wa kuupinda unapanda mara nne. Kwa hiyo funga mkanda wa chuma kuzunguka miguu kwenye mita 1.5, na paipu iwe ya inchi mbili, ya ukuta mnene.

Mkanda peke yake hautoshi. Gongelea vijiti vinne viwe mraba, msumari mmoja kila kona, kisha usukume: unalala. Ongeza kijiti cha tano kutoka kona hadi kona, haulali tena. Pembetatu haibadiliki umbo mpaka upande mmoja urefuke au ufupike. Kwa hiyo kila ubavu wa stendi weka flati baa (vyuma bapa) mbili zinazopishana kutoka kona hadi kona. Moja haitoshi, maana flati baa inajua kuvutwa tu, ukiisukuma inajikunja. Upepo ukigeuka, ya pili inashika zamu.

Chini, kumbuka dada aliyevaa mchuchumio akipita kwenye mchanga wa Coco Beach. Mguu wa inchi mbili unagusa ardhi kwa sentimita za mraba kama 25, yaani kilo 10 kwa kila moja. Ukalishe juu ya zege la sentimita 40 kwa 40 na mzigo huo unashuka hadi gramu 160 hivi, ukiacha uzito wa zege lenyewe. Fungia miguu kwa bolti ndani ya zege, kwani tenki tupu kipindi cha kusi ni tanga la jahazi.

Juu panga mbao bila kuacha nafasi. Tako la tenki la plastiki linataka kukaa lote. Piga rangi ya kuzuia kutu, ziba midomo ya paipu.

Siku ya kujaza, usifungulie maji ukaenda kulala. Jaza robo, ning'iniza timazi (kamba yenye kizito mwishoni) kwenye kila mguu. Jaza nusu, pima tena. Mguu ukihama hata kidogo, fungulia bomba la chini, umwage.