Soma jeni kwa penseli

Vijana wa kidato cha sita ninaowafundisha tuisheni huku Pasua, Moshi, watakughania maana ya kodoni, zile herufi tatu zinazosomwa pamoja, bila kuvuta pumzi. Wape herufi 24 za DNA waseme zinatoa protini gani, wote wanainama. Kukariri kusubiri. Chukua daftari la hesabu lenye miraba, penseli na jedwali la kodoni.

Andika hivi, kila herufi na mraba wake:

TACCACGTAGACTGAGGACTCCTC

Huo ni mwanzo wa maelekezo ya beta-globini, mojawapo ya protini zinazounda himoglobini kwenye damu yako. Ni uzi kiolezo, yaani uzi wa DNA unaonakiliwa, nimeuanzia ncha ya 3' kwenda 5' (ndiyo majina ya ncha zake mbili). Mtihani ukikupa kinyume chake, geuza kwanza.

Chini ya kila herufi weka mwenzake: A chini yake U, T chini yake A, G na C hubadilishana. Umepata mRNA, nakala ambayo protini hutengenezwa kwayo:

AUGGUGCAUCUGACUCCUGAGGAG

Ukiona T kwenye mstari huu, futa. Ndani ya seli kazi hii hufanyika kwenye kiini, kwa kimeng'enya kinachoitwa RNA polimerasi. Nakala ya kwanza huwa na introni, vipande visivyobeba maelekezo ya protini, ambavyo hukatwa kabla haijatoka. Beta-globini inazo mbili, ila kipande chetu hazikigusi.

Sasa punguza mwendo, maana hapa ndipo alama zinapopotea. Usianze kugawa tatu tatu popote penseli ilipoangukia. Tafuta AUG. mRNA halisi huwa na herufi kadhaa kabla yake, na ribosomu, mashine ya seli inayounda protini, huzipita tu. Ukishaipata AUG, piga mstari kila baada ya herufi tatu, kisha nenda kwenye jedwali upate asidi amino, vipande vinavyojenga protini: methionini, valini, histidini, lusini, threonini, prolini, asidi glutamiki, asidi glutamiki. Jedwali linasoma mRNA yenyewe. Kuna wanaohangaika kutafuta antikodoni, herufi tatu zinazooana na kodoni, kwanza. Hiyo ni kazi ya tRNA inayoleta asidi amino, wewe haikuhusu.

Kodoni ziko 64 na asidi amino 20, kwa hiyo usishangae lusini kumiliki kodoni sita. Tatu, UAA, UAG na UGA, hazileti kitu. Ribosomu ikizifikia inaachia mnyororo.

Tuharibu sasa. Kwenye GAG ya kwanza, badili A iwe U. Inakuwa GUG, yaani valini. Herufi moja hiyo, mtoto akiirithi kwa baba na kwa mama, ni selimundu. Vitabu vitakuambia ni nafasi ya 6 na wewe umehesabu 7: hujakosea, methionini ya mwanzo huondolewa baadaye. Mwanasayansi Vernon Ingram aliinasa tofauti hiyo mwaka 1957 kwenye protini yenyewe, jedwali la kodoni likiwa bado halijapatikana. Mzee yule namvulia kofia.

Rudisha A yako. Safari hii futa C ya CAU, sogeza zilizobaki, gawa upya: AUG, GUG, AUC, UGA. Methionini, valini, isolusini, halafu kikomo. Beta-globini yenye asidi amino 146 imefia kwenye ya tatu.

Kisha futa CAU yote, herufi tatu kwa mpigo, na ugawe tena. Histidini pekee ndiyo haipo. Nyingine zote zimekaa kwenye foleni yao.