Mchungaji, anza na watatu

Kwa miaka mingi nilihesabu viti vilivyojaa kanisani, si wanafunzi wa Yesu niliowalea. Fungua kalenda yako: futa kikao kimoja cha kamati kila juma, muda huo uwape watu watatu. Watatu tu. Yesu mwenyewe, katika Marko 3:14, aliwaweka kumi na wawili wawe pamoja naye kwanza, ndipo awatume. Someni sura moja ya Biblia, kila mmoja aseme atakalotii, juma lijalo mwulizane. (Hapo wengi huanza kukohoa.) Nenda nao kuwaona wagonjwa, safari ya tatu mmoja wao aombe, wewe nyamaza. Mimi kunyamaza kulinishinda kwa miezi. Na kwa kuwa 2 Timotheo 2:2 inagusa vizazi vinne (Paulo, Timotheo, watu waaminifu, na wengine watakaofundishwa nao), mwakani kila mmoja atafute watatu wake. Usiwachagulie.